Hisa Mia Nne za Baba Pacha

King'ora cha kiwanda cha nyama kililia saa tisa alasiri. Mama Pacha aliiweka pasi, akaenda dirishani.

Lango la kiwanda lilikuwa ng'ambo ya barabara. Wafanyakazi wa zamu ya asubuhi walitoka wawili wawili, viatu vya mpira mkononi, wakinuka moshi na dawa ya kuoshea sakafu. Mama Pacha aliwatazama mmoja mmoja mpaka wa mwisho. Kisha akakumbuka. Yule aliyekuwa akimngoja amezikwa, na huu ni mwezi wa tatu.

"Mama! Shati la watu linaungua!"

Aliyepiga kelele ni Haraka. Haraka na Pole walikuwa pacha, wasichana wa miaka tisa. Haraka alitangulia kuzaliwa kwa robo saa, na tangu siku ile hajawahi kungoja kitu. Pole alikuja baadaye, taratibu, na mpaka leo huja baadaye. Baba yao ndiye aliyewapa majina hayo ya utani, na mtaa mzima ukayashika.

Mama Pacha alirudi mbio akainua pasi. Shati lilikuwa na alama ya kahawia mgongoni. Alikuwa dobi kwa miaka kumi, hakuwahi kuunguza nguo ya mteja. Mwezi huu, hii ilikuwa ya tatu.

Mume wake, Baba Pacha, alikuwa mkata nyama. Miaka kumi na saba alisimama mbele ya meza ya chuma na kisu chake. Mwaka wa mwisho walimtoa mezani, wakampeleka kwenye ghala la baridi kupanga maboksi ya nyama iliyogandishwa. Akapata kifua. Kifua kikawa homa, homa ikawa hospitali, na hospitali haikumrudisha.

Tangu mazishi, Mama Pacha hakuweza kuliacha dirisha lile. Ili asilie mbele ya watoto, alianza kuhesabu malori ya ng'ombe yanayoingia kiwandani. Aliandika hesabu nyuma ya kalenda. Jumatatu kumi na moja. Jumanne kumi na nne. Kuhesabu kulimpa kitu cha kushika.

Siku ile ya shati alikuja shemeji yake. Alikuwa mdogo wa marehemu, kinyozi mwenye kibanda karibu na stendi. Kinyozi husikia habari zote za mji, za kweli na za kuokota.

"Shemeji, acha pasi kidogo," alisema. "Leo nimekuja na neema. Hisa za kiwanda zimeanguka."

"Kuanguka ndiyo neema?"

"Ngoja basi! Mwaka juzi hisa moja ilikuwa arobaini. Leo ni kumi na mbili. Kumi na mbili, shemeji! Bei ya kutupa."

"Mimi na hisa wapi na wapi?"

"Unazo tayari. Kaka alikuwa na hisa mia nne. Walikuwa wakimkata kwenye mshahara. Umesahau?"

Hakusahau. Kila mwisho wa mwezi Baba Pacha alionyesha karatasi ya mshahara, akajipiga kifua na kucheka. "Nisalimie vizuri, mke wangu. Na mimi ni mwenye kiwanda."

Shemeji alivuta kiti karibu. "Nina mteja wangu mmoja, mtu wa tai. Ameniambia hesabu za kampuni zinaonyesha kila hisa ina mali ya thelathini nyuma yake. Thelathini! Na sokoni inauzwa kumi na mbili. Ni kama kuuziwa noti ya thelathini kwa kumi na mbili. Chukua mafao ya kaka, nunua."

"Mafao yote?"

"Yote. Bei ikirudi arobaini, wanao watasoma mpaka wachoke wenyewe."

Mafao yale yalikuwa yamelipwa mwezi uliopita. Yalikuwa benki, sawa na mshahara wa miaka minne. Mama Pacha hakuwa na fedha nyingine, wala hakutarajia nyingine. Kupiga pasi kulilisha watoto. Hakukuweza kuwasomesha.

Alitazama lango. Alijiona akiwa mwenye kiwanda kile, kidogo tu. Aliona kama mume wake atakuwa bado yumo ndani.

"Malori yanaingia mengi," alisema polepole. "Wiki hii nimehesabu hamsini na saba."

"Umeona!" Shemeji alipiga paja. "Kampuni inayokufa hainunui ng'ombe. Jumatatu twende kwa dalali wa hisa."

Alipotoka tu, mlango ukagongwa.

"Hodi! Nimekuja na gauni la kupigwa pasi, na nimekuja na mdomo wangu."

Alikuwa jirani wa ukuta mmoja, mama wa makamo aliyeitwa Bi Stoo. Miaka thelathini alitunza ghala la kiwanda cha sabuni. Alipostaafu aliendelea kununua hisa kidogo kidogo, na kusoma hesabu za kampuni kama wengine wanavyosoma habari za mpira.

"Ukuta wetu huu hauna siri, mwanangu, unisamehe," alisema. "Huyo kinyozi nampenda, ana mkono mwepesi. Lakini kazi yake ni kupunguza. Asije akapunguza na mafao ya watoto."

Mama Pacha alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mitatu. Kicheko kikageuka kilio, na kilio hakikukata upesi.

Bi Stoo hakumnyamazisha. Alikunja gauni lake magotini, akangoja. "Kilio huanza mfiwa," alisema. "Lia kwanza. Hesabu hazina miguu, hazitakimbia."

Machozi yalipopungua, aliuliza, "Hisa ni kitu gani, mwanangu?"

"Karatasi ya kampuni."

"Hapana. Ni kipande cha kampuni yenyewe. Ukiinunua umenunua kipande cha mashine, kipande cha nyama, kipande cha faida. Na kipande cha deni pia. Sasa niambie. Viatu viwili vinauzwa nusu bei. Kimoja kimepunguzwa kwa sababu duka linahama. Kingine kimepunguzwa kwa sababu soli imeoza. Utanunua kipi?"

"Cha duka linalohama."

"Na utajuaje kwamba ni hicho?"

"Nitakigeuza nitazame soli."

"Basi hapo umenipita akili. Bei kushuka si kosa. Mimi nimewahi kununua hisa zilizoshuka, na zikanilipa vizuri. Lakini kwanza nilizigeuza nikatazama soli. Shemeji yako amesoma bei tu."

Mama Pacha alichukua kalenda. "Lakini Bi Stoo, malori si uongo. Tazama. Hamsini na saba."

Bi Stoo alivaa miwani. "Haya ni yanayoingia. Yanayotoka je?"

"Yapi hayo?"

"Meupe, ya baridi. Yanayopeleka nyama kwa wateja."

Malori meupe yalitokea lango la nyuma. Wake wa wafanyakazi wote wa mtaa ule walihesabu ng'ombe kwenye lango la mbele. Ng'ombe wakiwa wengi, walisema kazi ipo na mwezi utakuwa mzuri. Hakuna aliyewahi kuzunguka nyuma. Waume zao walitokea mbele.

"Ng'ombe anayeingia ni gharama," Bi Stoo alisema. "Nyama inayotoka na kulipiwa, hiyo ndiyo pesa."

Ijumaa na Jumamosi walikaa kwa zamu kwenye kibaraza cha duka la vipuri, ng'ambo ya lango la nyuma. Siku hizo mbili malori ishirini na manne ya ng'ombe yaliingia. Baba Pacha alikuwa akisema lori moja jeupe hubeba nyama ya malori matatu ya ng'ombe. Kwa hiyo yalipaswa kutoka meupe manane. Yalitoka matatu.

"Nyingine iko wapi?" Mama Pacha aliuliza.

"Mimi na wewe hatujui bado," Bi Stoo alijibu. "Siku mbili si ushahidi. Labda malori yameharibika. Tusome taarifa ya mwaka. Kampuni iliyo sokoni lazima itangaze hesabu zake, na mwenye hisa ana haki ya kuzipata. Hamkuwahi kutumiwa?"

Mama Pacha alitaka kusema hapana. Kisha akainuka, akaenda chumbani. Chini ya nguo za marehemu, ndani ya sanduku la bati, kulikuwa na bahasha tatu kubwa za kahawia. Hazikuwahi kufunguliwa. Zilipokuwa zikifika, mume wake alisema, "Barua za ofisini zina maneno magumu. Ziweke." Akaziweka.

Jina la marehemu lilikuwa limechapwa juu ya kila bahasha. Mama Pacha alilipitishia kidole. Kisha akachukua kisu cha jikoni, akazikata kwa chini ili asiliguse jina.

Walikaa mezani, Jumapili asubuhi. Haraka na Pole walikuwa nje wakiruka kamba. Bi Stoo hakusoma kurasa zote.

"Picha za wakurugenzi ruka. Maneno matamu ruka, utayarudia baadaye. Tafuta kurasa zenye hesabu. Mwaka wa kwanza, faida?"

Mama Pacha alifuata kwa kidole. "Milioni thelathini."

"Mwaka wa pili?"

"Kumi na mbili."

"Na mwaka jana?"

Kidole kilisimama. "Hapa kuna mabano. Nane, ndani ya mabano."

"Mabano hayo maana yake ni hasara. Nane imepotea. Sasa tafuta mauzo."

Mauzo yalikuwa yameshuka miaka yote mitatu.

"Biashara ya nyama ina faida nyembamba," Bi Stoo alisema. "Hata mwaka mzuri, kwenye kila mia wanayouza hubaki nne au tano. Ukame ukija, bei ya ng'ombe inabadilika. Ugonjwa wa mifugo ukija, milango ya wateja inafungwa. Na ghala la baridi linakula umeme usiku na mchana, wauze wasiuze. Kampuni ya namna hii inahitaji deni dogo na fedha mkononi, ili mwaka mbaya usiivunje. Hii ina deni kiasi gani?"

"Milioni mia nne."

"Fedha mkononi?"

"Ishirini." Mama Pacha aliinua macho. "Ishirini tu? Lakini shemeji alisema kila hisa ina mali ya thelathini."

"Hakudanganya. Tuitafute hiyo thelathini."

Bi Stoo alichukua penseli. Mali yote ya kampuni ilikuwa milioni mia saba. Ukitoa deni la mia nne, zinabaki mia tatu. Hisa zilikuwa milioni kumi. Mia tatu kwa kumi, kila hisa thelathini.

"Umeona? Sasa tugeuze soli. Hiyo mia saba ni kitu gani hasa?"

Mama Pacha alisoma taratibu. "Majengo na mashine, mia tatu themanini. Fedha, ishirini. Wateja wanaodaiwa, hamsini. Bidhaa zilizo ghalani..." Alirudi mwanzo wa mstari. "Mia mbili hamsini."

"Miaka miwili nyuma?"

Alifungua taarifa nyingine. "Tisini."

"Mauzo yanashuka, na ghala linajaa," Bi Stoo alisema. "Niliona hayo kwa sabuni, na sabuni haiozi. Wewe umekaa na mkata nyama. Nyama iliyoganda miezi mingi inakuwaje?"

Mama Pacha alilijua jibu. Alilisikia mara nyingi wakati wa chai. "Inapungua uzito. Inabadilika rangi. Mwenye hoteli hainunui. Inauzwa nusu bei, na wakati mwingine hata nusu hupati."

"Basi tufute nusu ya ghala. Mia moja ishirini na tano. Kwenye ile mia tatu inabaki ngapi?"

"Mia moja sabini na tano."

"Mashine zikoje? Baba Pacha alisemaje?"

"Alisema zimezeeka kuliko yeye. Msumeno mmoja walikuwa wameufunga kwa waya."

"Mtu akiuza mashine za namna hiyo na jengo lake kwa haraka, tuseme atapata nusu. Futa mia moja tisini."

Mama Pacha aliandika. Akatazama. "Haitoshi, Bi Stoo. Imebaki chini ya sifuri."

"Ndiyo thelathini ya mtu wa tai hiyo. Ipo kwenye karatasi. Ukienda kuichukua, huikuti. Mtu anayenunua hisa kwa thamani yake hukadiria kampuni hata siku yake mbaya. Kisha hununua kwa bei iliyo chini kabisa ya hapo, ili akikosea hesabu bado asalimike. Hapa hatuna pa kukosea."

Mama Pacha hakuwa akisikiliza tena. Alikuwa ameshika taarifa ya mwaka wa tatu, ile ya ghala lililojaa.

"Huu ndio mwaka waliomtoa mezani," alisema. "Alisema, 'Mikono yangu imezoea kisu, sasa nabeba maboksi. Nayahamisha kushoto. Kesho nayahamisha kulia.' Nikamwambia shukuru, kazi ni kazi." Akaifunga taarifa. "Kwa hiyo alikuwa kwenye baridi ile akipanga nyama ambayo hakuna aliyeitaka?"

Bi Stoo alivua miwani. Alimshika mkono tu, wakakaa hivyo. Nje, kamba ya watoto ilipiga chini, ikapiga tena.

Jumatatu shemeji alifika amevaa shati la kwenda ofisini. "Twende, shemeji. Dalali anafungua saa mbili."

"Siendi. Keti nikuonyeshe kitu."

Mama Pacha alimwonyesha kila kitu, Bi Stoo akiwa pembeni: malori meupe, mabano, ghala, deni. Kinyozi alisikiliza, uso ukazidi kuwa mgumu.

"Kampuni ile imemlisha kaka yangu miaka kumi na saba," alisema. "Leo unaikataa kwa sababu ya penseli ya jirani?"

"Ilimlisha, naye aliitumikia. Hawadaiani. Lakini tazama, shemeji. Mshahara wetu ulitoka pale. Akiba yetu ikawekwa pale pale. Yeye mwenyewe alikuwa pale. Kila kitu chetu kilikuwa nyuma ya lango moja. Nikiongeza na mafao, lango likifungwa watoto watabaki na nini?"

"Unaongea kama mtu asiyempenda."

"Nampenda mno, ndiyo maana nilitaka kununua. Hisa haijui kama unampenda mtu."

Kinyozi alitazama chini. "Mimi nimeshanunua," alisema. "Ijumaa. Pesa zangu zote za kiti cha pili cha kibandani."

Hakuna aliyemcheka, hata Bi Stoo, ambaye kwa kawaida hangekosa neno.

Mama Pacha hakuacha mafao yalale tu. Alitenga fedha ya miezi sita ya chakula na kodi, akaiacha benki mahali pa kuchukulika. Nyingi zaidi alinunulia dhamana za serikali, zinazolipa riba mara mbili kwa mwaka. Sehemu ndogo aliiweka kando. "Hii ya kujifunzia," Bi Stoo alimwambia. "Siku utakapoona kampuni yenye faida ya miaka mingi, deni dogo, fedha mkononi, na bei iko chini, niite. Tutaigeuza soli pamoja. Na kama hatuelewi inavyopata pesa, tunaipita."

Hisa mia nne za Baba Pacha aliamua kuziuza. Lakini hisa za marehemu haziuzwi siku hiyo hiyo. Alikwenda mahakamani kwa ajili ya mirathi. Alipeleka cheti cha kifo, cha ndoa, na vya kuzaliwa vya watoto. Aliambiwa rudi wiki ijayo, mara nne. Alipopata hati ya usimamizi, miezi mitano ilikuwa imepita na hisa ilikuwa saba. Aliweka sahihi kwa dalali, akatoka nje akipiga hesabu. Miaka mingi ya kujipiga kifua na kucheka ilikuwa imetosha viatu vya shule na sweta mbili.

Kabla ya mwaka kwisha kiwanda kilifunga zamu ya usiku. Kisha kikafunga meza za kukatia. Nyama ya ghalani iliuzwa kwa bei ya chakula cha mbwa. Hisa ikafika tatu, na hakukuwa na mnunuzi. Mama Pacha hakufurahia kuwa amesema kweli. Wanawake wa mtaa walikuja kwake na nguo kidogo za kupigwa pasi na machozi mengi. Wengine walikuja na taarifa za kampuni nyingine, zenye hisa walizoshauriwa waume zao kununua. Aliwafundisha kutafuta mabano. Aliwafundisha kuuliza ghalani kuna nini.

Siku moja shemeji naye alikuja, akaketi nyuma ya wanawake, kofia mkononi. "Shemeji," alisema, "nianzishie na mimi. Kutoka mwanzo." Akasogezewa kiti.

Muhula mpya ulipofunguliwa, riba ya dhamana ilikuwa imeingia. Mama Pacha aliwapeleka watoto shule. Alilipa ada ya mwaka mzima ya wote wawili, karani akampa stakabadhi yenye muhuri. Haraka alikuwa ameshaingia darasani, ameshachagua dawati.

Pole alibaki uani, ameshika mkono wa mama yake. "Mama, unalia nini na umeshalipa?"

"Nilitaka kumwambia baba yenu kwamba nimelipa."

Pole alifikiri, taratibu, kama desturi yake. Kengele ililia, hakuondoka.

"Niambie mimi," alisema.

Mama Pacha alichuchumaa, akafuta uso kwa kiganja. Kisha akamwambia, kwa sauti ileile ambayo angemwambia mumewe mezani wakati wa chai: "Nimelipa ada, mwaka mzima, ya wote wawili. Na ile fedha yenyewe bado ipo."

"Umefanya vizuri, Mama," Pole alisema, akaenda darasani.